Kinachomfaa Mumbi

Mumbi alikufa siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa ameketi. Alikuwa akichagua maharagwe. Sinia lilibaki mapajani mwake na hakuna punje iliyoanguka.

Mume wake, Gachau, alikuwa kwenye kibanda chake karibu na stesheni ya Ruiru, akishona mkanda wa begi la shule. Jirani alikuja mbio kutoka Gitothua, akasimama mbele yake akihema. Gachau alimtazama miguu kwanza, kama anavyomtazama kila mtu. Jirani alikuwa amevaa kiatu kimoja. Mguu wa pili ulikuwa na vumbi mpaka kwenye kifundo.

"Ni Mumbi," Gachau akasema.

Jirani akaitikia kwa kichwa.

Gachau akamaliza kushona ule mkanda. Hakujua kwa nini. Mikono ilikuwa imeshaanza, ikaendelea. Kisha akafunga kibanda, akaenda nyumbani.

Gachau hakusoma. Watoto wenzake walipokuwa darasani yeye alichunga mbuzi wa watu, na alipoacha mbuzi akashika sindano na ngozi. Sasa ana miaka sabini na sita. Jina lake anaweza kuliandika, polepole, na linamchosha. Lakini mpe kiatu kikuukuu, atakigeuza mara moja akuambie mwenyewe anatembeaje, anabebea mzigo bega gani, ni mtu wa haraka au ni wa kujiburuta. Vijana wa bodaboda walizoea kumjaribu. Walimletea kiatu cha mwenzao wakamuuliza, wakimwita babu kwa Kikuyu, "Haya guka, huyu ni nani?" Naye alikigeuza akasema, "Huyu anadanganya bibi yake. Kisigino kimeisha upande wa kutoroka." Walicheka mpaka wakashika matumbo.

Mumbi alimjia kama mteja, mwaka wa sabini na nane. Alikuwa msichana wa Gatuanyaga, akichuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu, ikamwachia mguu wa kushoto ukiwa mfupi. Mafundi wawili walikuwa wamempigilia vipande vya tairi chini ya soli na vyote viling'oka matopeni.

"Nipigilie kingine tu," alisema. "Sitaki kuketi. Nina haraka."

Gachau akamketisha. Akamvua kile kiatu, akaushika ule mguu mfupi kwa mikono miwili, akauangalia kwa muda mrefu hata msichana akaona haya. Halafu akamsimamisha. Akaanza kuweka vipande vya ngozi chini ya mguu, kimoja juu ya kingine.

"Hapo?"

"Bado."

"Hapo?"

"Bado kidogo."

Kipande cha tisa kilipoingia, Mumbi akageuza kichwa. Alikuwa akiangalia upande wa maduka.

"Haiya," akasema. "Kumbe nyumba zimesimama wima."

Gachau akaupima ule mrundo wa ngozi kwa kidole chake. Pingili mbili na nusu. Mambo ya wazee na mbuzi wa mahari yalichukua miaka miwili zaidi, lakini kwa Gachau yalikwisha siku hiyo.

Tangu hapo, kila Januari alimshonea viatu vipya. Ngozi aliifuata mwenyewe Thika, kwenye kiwanda kimoja ambako walimwekea vipande vilivyobaki. Rangi ilikuwa moja miaka yote, nyekundu ya kahawa iliyoiva mtini. Kabla ya viatu hivyo Mumbi alitembea kwa sauti mbili, moja nzito na moja nyepesi. Baada yavyo sauti ikawa moja. Aliacha kahawa, akauza nafaka soko la Ruiru kwa miaka thelathini, na aliuza akiwa amesimama. Watu walimwekea kiti, akakiwekea gunia. "Niliketi vya kutosha nikiwa mtoto," alisema.

Walijaliwa mtoto mmoja aliyeishi, Wanyoike.

Miaka kumi hivi iliyopita walikwenda kumzika dada yake Mumbi. Waliona jeneza likifunguliwa, dada amelala na soksi nyeupe. Walirudi, na walipofika mlangoni Mumbi akasimama. Hapo akamshika Gachau mkono.

"Baba Wanyoike, mimi usinipeleke hivyo. Nilikuja kwako nikiburuta mguu. Sitaki kufika huko nikiburuta tena."

"Sawa," Gachau alisema.

Halikuzungumzwa tena. Walikuwa watu wa kusema jambo mara moja.

Kwa hiyo Mumbi alipokufa, Gachau hakuwa na mambo mengi ya kutaka. Alitaka moja. Viatu vya Mumbi viwe miguuni mwake kabla udongo haujashuka.

Mambo mengine yote yalichukuliwa na kamati. Ilikutana kila jioni uani, saa kumi na moja, na mwenyekiti alikuwa Githinji, jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee wa kanisa, mtu mwema wa sauti kubwa. Githinji alipenda neno moja la Kizungu. Kila aliposimama alilitoa.

"Ndugu zangu, huyu mama tumpe befitting send-off. Hema ziwe nne. Jeneza liwe lile lenye kioo. Gauni nyeupe, ya lesi, mpaka chini. Befitting, nasema. Mama Wanyoike hakuwa mtu wa ovyo."

Watu wakaitikia. Gachau, aliyekuwa ameketi kwenye debe lililogeuzwa, akainua mkono.

"Na viatu," akasema.

"Viatu gani, mzee?"

"Vyake. Nitavishona."

 Wanyoike, ambaye ni dereva wa lori na, kama baba yake, hana maneno mengi, akatazama chini.

"Baba, marehemu hawavalishwi viatu."

"Alisema avalishwe."

"Na ile soli?"

"Imefanya nini ile soli?"

"Watu watapiga picha, baba. Wengine wanatoka mbali, hawajamwona miaka mingi. Sitaki waende wakisema ni yule mama wa mguu mfupi. Gauni itamfunika vizuri. Alale kama watu wengine."

"Hajawahi kulala kama watu wengine," Gachau akasema.

"Mzee, Wanyoike ana maana nzuri," Githinji akaingilia. "Tunataka kitu befitting."

Gachau akashusha mkono. Hakushindwa. Alikuwa amemaliza kuongea tu.

Jioni hiyo watu walipoondoka, mjukuu wake alibaki akisuuza vikombe. Alikuwa binti wa kwanza wa Wanyoike, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Juja. Marafiki zake walimwita Cindy. Lakini kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza wa mwana hupewa jina la nyanya yake, mama wa baba, kwa hiyo jina lake lilikuwa Mumbi, na kwa Gachau alikuwa mke wake. Hakuwahi kumwita Cindy hata siku moja. "Mke wangu, umekula? Mke wangu, mbona umepotea, una mwanaume huko Juja?" Naye msichana alimjibu, "Niko nao wanne, jipange." Mumbi mkubwa alicheka akisema yeye ameachiwa kazi ya kupika tu.

"Mke wangu," Gachau akamwita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu Jumatatu.

"Naam, Guka."

"Hilo neno la Githinji. Befitting. Ni kitu gani?"

Cindy akafuta mikono kwenye leso. "Ni ya kufaa. Inatoka kwa befit. Befitting send-off ni mazishi ya kumfaa mtu."

"Kufaa najua. Soli hufaa kiatu."

"Hapana, hapo sasa huwezi sema befit. Soli na kiatu, sufuria na mfuniko, hizo ziko na maneno yao. Befit ni ya mtu. Ni kitu inalingana na vile mtu ako. Heshima yake, tabia yake, mahali amefika. Kama chifu akipigana kwa baa, unasema hiyo haim-befit. Mtu amefanya kazi poa maisha yake yote, umpatie zawadi ya maana, hiyo inam-befit."

"Na mzee akilia mbele ya watu?"

Cindy akapanga vikombe. "Watu husema haim-befit. Mimi sisemi."

"Mh."

"Tichaa wetu alikuwa anatuambia, ukitaka kuitumia, anza na mtu, usianze na kitu. Mwangalie mtu kwanza, vile ako. Ndio uulize kama kitu inamfaa. Ukianza na kitu utaikosea."

Gachau akalifikiria. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka hamsini bila kujua ina jina.

"Kwa hivyo Githinji ameanza na hema," akasema.

Cindy akacheka kwa sauti, kisha akaziba mdomo, maana ilikuwa nyumba ya matanga.

"Lete mguu," Gachau akamwambia.

Huko nyuma Gachau alikuwa na mguu wa mbao aliouchonga kwa kipimo cha Mumbi, na viatu vyote alivishonea juu yake. Mchwa waliula mvua za mwaka uliopita. Hakuchonga mwingine. Mguu wa mtu mzima haukui, alijiambia, na isitoshe kulikuwa na Cindy. Siku Cindy alipozaliwa, Mumbi alimfunua shuka akatazama miguu kabla ya uso. Akaiona imelingana, akalia. "Huyu amechukua mguu wangu mzuri," alisema, "akauchukua mara mbili." Na kweli alipofika miaka kumi na tano alivaa kiatu cha kulia cha nyanya yake bila kukaza wala kulegea. Watu wote wa nyumba walijua hivyo. Jina ni lake, mguu ni wake.

Gachau akaweka katoni chini, Cindy akasimama juu yake, kalamu ikazunguka. Mstari ukafunga.

Kabla ya kuanza kazi aliinama chini ya kitanda akatoa viatu vya Mumbi vya mwaka wa jana, vya mwisho kushonwa. Januari hii hakushona. Mumbi ndiye alimkataza. "Pumzika, mikono yako imechoka. Vya mwaka jana bado ni vizima." Gachau akavigeuza. Soli zilikuwa karibu mpya. Kisigino hakijalika. Akavipangusa kwa kiganja.

"Alivitunza," akasema peke yake.

Kesho yake alikwenda Thika kuchukua ngozi. Bawabu wa pale kiwandani alimfahamu miaka mingi.

"Ai, mzee! Hata Januari haijafika. Mama amekuagiza mapema hivi?"

"Ndiyo," Gachau akasema.

"Huyo mama anajua kukusumbua."

"Anajua."

Akachagua kipande laini kuliko vyote alivyowahi kuchagua. Alishona kwa siku sita, mchana tu, macho yakiwa na mwanga. Hakutumia gundi mahali ambapo uzi ungetosha. Soli ya kushoto aliijenga kwa vipande tisa, akapima kwa kidole, pingili mbili na nusu. Vilipokwisha alimwita Cindy avijaribu. Cha kulia kiliingia kwa mlio mdogo, ule ambao kila fundi wa viatu anaupenda. Cha kushoto pia. Cindy akasimama amepinda upande mmoja kwa ajili ya ile soli, akatembea hatua tatu kwenye sakafu ya saruji, na Gachau akageuza uso ukutani.

"Vimenikaa sawa kabisa, Guka."

"Vua," akasema. "Si vyako."

Mazishi yalikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, huko Gatuanyaga, kwenye shamba dogo walilonunua karibu na watu wa Mumbi. Asubuhi hiyo walifika mochari ya Thika saa moja. Gari la kubeba maiti lilikuwa tayari, na Githinji alishatangulia Gatuanyaga na hema zake, akipiga simu kila dakika kumi. Wanyoike alimwona baba yake ameshika mfuko wa karatasi. Alijua kilichomo. Alimtazama kidogo, halafu akamfungulia mlango.

Gachau aliingia na Cindy, na ndani kulikuwa na mhudumu, mama mnene wa kutoka upande wa Bungoma, aliyeitwa Nelima.

"Pole, mzee. Hapa kwa kawaida wanaume hungoja nje. Huyu binti atanisaidia."

"Mimi ni fundi," Gachau akasema. "Nimekuja kumvalisha mteja."

Nelima akautazama ule mfuko, akasogea kando.

Mumbi alikuwa amekwisha kuvalishwa gauni. Ilikuwa lesi nyingi. Uso ulikuwa wake na haukuwa wake. Gachau hakukaa sana kwenye uso. Alikwenda upande wa miguu, akainua ncha ya gauni, akavua soksi.

Akasimama hivyo.

Kisha akachukua kiatu cha kulia, akalegeza kamba zote, akaingiza vidole vya mguu. Vikaingia nusu. Akasukuma taratibu. Kiatu kikakataa. Akatoa kile kipande cha pembe anachotumia kuvalisha wateja, akakiweka kisiginoni, akajaribu tena. Kiatu kikakataa. Akajaribu cha kushoto. Hicho hata vidole havikupita.

"Ni baridi," Gachau akasema. "Ni hii baridi imemfurisha."

Nelima akaja akasimama karibu naye. Aliongea chini chini.

"Hapana, baba. Baridi haifurishi mtu hivi. Hii miguu ilifura akiwa hai. Ni ya miezi mingi. Mara nyingi ni moyo, ama figo. Ona." Akagusa upande wa kidole kidogo. Palikuwa na sugu nyeusi, na juu yake kidonda kilichopona vibaya. Kisiginoni palikuwa na kingine. "Kuna kiatu kilikuwa kinamuumiza. Akakiacha. Hapa naona alama ya ndara."

Cindy alikuwa ameshika ukuta. "Kwangu viliingia, Guka," akasema. "Viliingia vizuri."

 Gachau alikuwa mahali pengine.

Alikuwa kibandani, mwezi wa tatu wa mwaka jana. Mumbi alikuwa amepitia pale akitoka sokoni, akaegemea nguzo. "Baba Wanyoike, hivi viatu vinanibana," alisema. Gachau alikuwa na kazi ya watu mkononi, soli ya buti la mlinzi, na gundi ilikuwa inakauka. Hakuinua kichwa. "Ngozi itazoea," akamwambia. "Ipe wiki." Ni maneno aliyowaambia wateja kila siku. Mumbi alisimama kidogo zaidi, kama anayengoja kitu. Halafu akaenda.

Alisema mara moja. Walikuwa watu wa kusema jambo mara moja.

Baada ya hapo nyumbani alianza kuvaa ndara kuukuu za Wanyoike. Alisema ni joto. Na usiku, mchana, kati ya jikoni na chumbani, sauti mbili zilikuwa zimerudi, nzito na nyepesi, nzito na nyepesi. Gachau alizisikia. Alidhani ni uzee. Na juzi tu alishika viatu vyake mkononi, akaona soli zisizolika, yeye anayejua mwizi na mzinzi kwa kugeuza kisigino, akasema alivitunza.

"Guka," Cindy akaita.

Gachau akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kisu cha ngozi.  Gachau akakipakata kile kiatu cha kulia, akakipasua kwa nyuma, kutoka mdomoni mpaka kwenye soli. Uzi wa siku sita ukakatika kwa sauti. Akapasua cha pili. 

Sasa miguu iliingia. Ilibaki nje kwa nyuma, kati ya ngozi iliyoachana kama mlango wazi. Nelima alileta bendeji, akafunga kila kifundo mara tatu, vizuri, kama mtu anayefunga jeraha. Gauni likashuka likafunika.

"Nyayo ziko sawa, baba," Nelima akasema akiwa amesimama upande wa chini. "Zimelingana. Umemfanyia kitu cha kumfaa."

"Havijamfaa," Gachau akasema. "Vimemfunika."

Kisha akaomba katoni. Nelima akampasulia boksi la glavu. Gachau akafunua gauni tena, akafungua bendeji zote, akavua viatu, akaiweka ile katoni kwenye unyayo wa kulia, akazungusha kalamu. Akaenda wa kushoto. Simu ya Wanyoike ilisikika huko nje, Githinji akiuliza wamefika wapi. Gachau hakuharakisha. Alipomaliza, waliuvalisha na kuufunga kila mguu upya.

"Utamshonea vingine?" Nelima akauliza. Hakuna muda uliobaki, na yeye alijua.

"Hapana."

"Sasa hiyo ya nini, baba?"

"Nilikuwa sijapima."

Gatuanyaga kulikuwa na vumbi na jua. Hema zilikuwa nne, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Watu walipita mbele ya kioo wakamtazama Mumbi uso, wengine wakapiga picha, na hakuna aliyeona miguu. Cindy alisoma maisha ya nyanya yake kutoka kwenye kijitabu. Alisoma kwa Kiingereza, kisha akakiweka kando akaeleza kwa Kiswahili, na alipofika mahali pa nyumba kusimama wima Wanyoike akaja akamshika bega.

Githinji akachukua kipaza sauti. "Wapendwa, mmeona wenyewe. Huyu mama amepata befitting send-off." Watu wakapiga makofi kidogo. "Sasa bwana wa nyumba atuambie neno moja, halafu tuendelee."

Gachau akasimama. Walimpa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo mpaka kijana wa mitambo alipokisogeza. Aliangalia watu. Aliangalia miguu yao, safu kwa safu. Viatu vya kanisani, raba, ndara, gambuti moja.

"Aliniambia vinambana," akasema. "Nikamwambia ngozi itazoea."

Watu wakangoja.

"Sikuangalia," akasema.

Akarudisha kipaza sauti. Aliketi, na hapo ndipo alipolia, mbele ya watu wote, bila kuficha uso, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kujifunza kulia. Kwenye hema la pili mtu aliuliza jirani yake mzee amesema nini. Githinji akakohoa. "Tumwelewe mzee," akasema. "Ni majonzi." Wakaanza wimbo.

Walimshusha saa nane. Wanyoike alichukua koleo mwenyewe, akafukia mpaka shati likalowa, akakataa kupokewa.

Jioni hema zilishushwa, na watu wakabaki wachache. Gachau alikuwa ameketi karibu na kaburi kwenye kiti kimoja kilichosahauliwa, bado kina kitambaa cheupe. Ile katoni ilikuwa magotini. Alikuwa ameitoa pia ile nyingine, ya nyumbani, aliyochora mguu wa Cindy. Aliziweka moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga. Mistari haikukutana popote ila kwenye kisigino.

Cindy alikuja na kikombe. Alikuwa ametembea pekupeku kwenye vumbi, viatu vimemchosha. Alichuchumaa mbele yake, akajitahidi kutabasamu.

"Mke wako amekuletea chai," akasema.

Gachau akaitazama ile miguu, yote miwili, myembamba, imelingana. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua macho mpaka usoni.

"Asante, Cindy," akasema, akapokea kikombe.